Watoto wa marehemu rafiki yangu wanauza gari tulilolifufua pamoja

Mwanangu mshauri, salaam.

Mimi ni mzee wa miaka 69, mkazi wa Ujiji, fundi kereza mstaafu. Maisha yangu ya kazi niliyamalizia kwenye mitambo ya meli hapa Kigoma. Nina jambo limenikaba koo, na kila ninayetaka kumweleza naogopa ataniona mzee mwenye tamaa na mali ya marehemu. Ndiyo maana naandika.

Nilikuwa na rafiki. Nitamwita Mwalimu, kwa kuwa mji mzima ulimwita hivyo. Tulijuana mwaka 1983. Gari lake lilikuwa Peugeot 404 la mwaka 1967, alilinunua 1988 kwa mtu aliyekuwa anahama. Lilitembea miaka sita, hedi ikaungua, likasukumwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Watu walimwambia auze chuma chakavu. Hakukubali. Mwaka 1966 alikuwa kijana wa shule, akasikia redioni kwamba Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na mwenzake Chris Rothwell wameshinda mbio za magari za Safari kwa 404. Mwaka uliofuata wakashinda tena. Mwalimu aliniambia siku ile alijiapiza kwamba ipo siku atalimiliki gari hilo. Miaka ambayo 404 ilishinda Safari, 1963, 1966, 1967 na 1968, alikuwa anakutajia kama mtu anavyotaja miaka waliyozaliwa wanawe.

Mwaka 2014, alipostaafu, alikuja kwangu na kitu amekifunga kwenye leso. Ilikuwa bushi ya kiungo cha gia, kile kipete cha chuma ambamo kipini cha kiungo huzunguka, imelika mpaka tundu limekuwa kama yai. Mkono wa gia wa 404 uko kwenye usukani, na viungo vyake vinashuka mpaka kwenye giaboksi. Bushi zikilika, mkono unacheza kama jino la mtoto. Tuliagiza Dar es Salaam, hazikupatikana. Akaniuliza, "Wewe hii unaiweza?"

Nilichukua kipande cha shaba nyeusi kilichotokana na bushi kuukuu ya shafti ya meli, nikakifunga kwenye mashine yangu ndogo ya kukereza. Ya kwanza niliharibu. Ya pili nikaharibu. Bushi ya kupigilia unaikereza nje iwe kubwa kidogo kuliko mahali inapokaa, sehemu chache tu za mia ya milimita. Ikishaingia inabanwa, na tundu lake la ndani linapungua, kwa hiyo tundu unalimalizia ikiwa imeshakaa mahali pake. Mimi nilikuwa nalimaliza kwanza, na kila mara kipini hakiingii. Ya tatu ilikaa. Nilikuwa nimeshika mkono wa gia, Mwalimu amelala chini ya gari na tochi. Nikatia gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikasikia sauti yake kutoka chini: "Imekubali."

Basi tukawa hivyo miaka tisa, kila Jumamosi baada ya Alasiri. Nilikereza shafti ya pampu ya maji na gia ndogo za kupandishia vioo. Vitako vya injini tulivikata kwenye tairi la lori. Breki za nyuma niliwekea pistoni mbili za alumini nilizochonga mwenyewe, na raba za gari jingine, ili tuweze kulitembeza uani. Simba wa kwenye grili tulimsubu kwa alumini ya sufuria kwenye kalibu ya mchanga. Akatoka hana ukucha mmoja, na nilipotaka kurudia Mwalimu akakataa, akasema huyu ndiye wetu. Tulipokata tamaa alikuwa ananikumbusha habari ya Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika: Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916 waliipaka mitambo grisi kwanza, ndiyo maana ilipoibuliwa mwaka 1924 ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Injini yetu iliwaka Agosti 2023. Mwalimu alikaa kwenye usukani akalia.

Kisha akaanza kuugua. Siku za mwisho, pumzi yenyewe ya shida, aliniambia: "Kila mwezi tia oili kidogo kwenye silinda, uizungushe kwa mkono. Usiiache ikakamata." Nikawa nafanya hivyo. Nachomoa plagi nne, natia oili, nazungusha kwa hendeli. Alifariki Ramadhani iliyopita.

Watoto wake wananiita Baba Mdogo tangu wanajifunza kusema. Baada ya arobaini waliitisha kikao, nami nikaitwa. Mkubwa wao, anayeishi Mwanza, akasema amepatikana mnunuzi wa Dar es Salaam, anatoa milioni 9, na fedha zitagawanywa. Kisha akanigeukia: "Fundi, siku ya kulitoa tutakuhitaji, uje utuwashie."

Fundi.

Sikujibu kitu. Nilimaliza chai yangu nikaenda nyumbani. Sasa ni miezi mitatu, geti la uani limetiwa kufuli na ufunguo uko kwa mdogo wake. Mke wangu anasema nidai haki yangu. Vitu nilivyonunua kwa fedha yangu ni kama shilingi 1,740,000, kazi ya mikono sijaihesabu. Mwalimu naye alikuwa ananipa mchele na mawese, na mwaka mmoja alinilipia matibabu ya macho. Hatukuandikiana mkataba, ila yeye alikuwa anaandika kila tulichofanya kwenye daftari lililokuwa kwenye droo ya dashibodi. Mpwa wangu ananiambia: "Mjomba, gari ni lao, lakini bushi ni zako. Ingia usiku utoe vyako." Sitakudanganya, nimelifikiria. Kila boliti ya gari lile naijua hata gizani.

Mnunuzi anakuja mwezi ujao. Nidai, nichukue vyangu, au ninyamaze?

Fundi Mzee, Ujiji

* * *

Mzee wangu, shikamoo. Pole sana kwa msiba. Najua waliopewa pole ni wa nyumba ile, na huenda wewe hukupewa inavyostahili, kwa hiyo naanza nayo.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Unaniuliza mambo matatu: kudai, kuchukua, kunyamaza. Lakini katika barua nzima kuna neno moja tu uliloliandika likasimama peke yake, na halihusu fedha wala bushi. Umekaa na watoto hawa miaka 40 ukiwa Baba Mdogo, na siku ya kikao ukatoka mlangoni ukiwa fundi. Nadhani hilo ndilo lililokukaba koo. Naweza kukosea, wewe ndiye unayejua kinachokuamsha usiku. Lakini kama nimekisia vyema, basi hata wakikuhesabia ile 1,740,000 yote mkononi, koo halitafunguka, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujaenda kuidai.

Niruhusu nikuulize kuhusu huyu mkubwa wao. Inawezekana alisema "fundi" kwa makusudi, ili ndugu zake wasikie kwamba wewe huna neno katika mirathi. Watu hufanya hivyo. Inawezekana pia hakuwa na nia yoyote. Yeye anaishi Mwanza. Kila alipokuja likizo alikukuta wapi? Miguu yako imechomoza chini ya gari, mikono ina grisi, na baba yake amechutama pembeni anacheka. Alichokiona ni fundi kazini. Zile Jumamosi za miaka tisa zilikuwa zenu wawili, na uzuri wake ulikuwa huo. Lakini je, kuna siku mlimwita mmoja wa vijana akashika tochi? Kuna aliyeambiwa kwamba bushi mbili ziliharibika kabla ya ile iliyokubali? Sikulaumu hata kidogo. Nauliza kwa sababu huenda unawadai heshima kwa jambo ambalo hawajawahi kusimuliwa.

Sasa kudai. Deni la marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana. Ndivyo ilivyo katika mirathi ya Kiislamu na ndivyo ilivyo mahakamani. Anayepokea madai ni msimamizi wa mirathi, ambaye kwa familia nyingi huteuliwa na Mahakama ya Mwanzo baada ya kikao cha ukoo kumpendekeza. Barua yako haimtaji msimamizi. Kama bado hajateuliwa, basi hata hayo mauzo hayajakaa sawa, kwa sababu kadi ya gari nadhani bado iko kwa jina la Mwalimu na hakuna mwenye mamlaka ya kutia saini kwa niaba yake. Kumuuliza mkubwa wao swali hilo, kwa upole, si ugomvi.

Lakini kabla ya kudai, jiulize mwenyewe ulichotoa kilikuwa nini. Kilikuwa mkopo, kwamba Mwalimu angekuja kukulipa? Kilikuwa ubia, kwamba gari likipona ni la wawili? Au kilikuwa zawadi kwa rafiki? Ninavyokusoma, nahisi mkiwa pale chini ya mwembe hakuna aliyefikiria kulipa wala kulipwa. Na ule mchele, mawese na matibabu ya macho, watoto wanaweza kuviweka kwenye mizani wakasema baba alishalipa. Ukivisikia vikisomwa kama malipo, utaumia kuliko ulivyoumia na neno "fundi". Hiyo ndiyo hatari ya kudai. Haikufungi mdomo, ni haki yako, na wazee wengi wamedai wakalipwa kwa heshima, au wakapewa kifuta jasho, mambo yakaisha. Ila ukishaingia kama mdai, utajibiwa kama mdai.

Lile daftari nalo lina pande mbili. Huenda ndilo shahidi wako bora, kila bushi na tarehe yake kwa mwandiko wa Mwalimu. Huenda pia kuna jambo ameandika usilolitarajia. Kama litafunguliwa, lingefunguliwa wewe na wao mkiwa pamoja. Likisomwa na mmoja kisha akawasimulia wengine, kila mtu atasikia lake.

Kuhusu kuingia usiku nitasema machache. Mpwa wako anakupenda na amekasirika kwa niaba yako. Lakini uani uliotiwa kufuli, mali ya mirathi, usiku, na wewe una spana mkononi: utamweleza nini askari? Na ukishaitoa ile bushi ya tatu ukaiweka juu ya meza yako, itakuwa kipande cha shaba. Ilikuwa bushi kwa sababu ya mahali ilipokaa. Wewe fundi unalijua hilo zaidi yangu.

Sasa mzee wangu, kuna sentensi uliyoipita haraka, nami imenisimamisha. Umesema pistoni za breki za nyuma ulizichonga kwa alumini na raba ni za gari jingine, ili gari litembezwe uani. Mnunuzi anatoka Dar es Salaam. Labda atalipakia kwenye lori au kwenye behewa. Labda atakuwa mtu mwenye shauku kama Mwalimu, ataona injini imewaka vizuri, atasema nalipeleka mwenyewe. Ni zaidi ya kilomita 1,000. Raba ambayo haikutengenezwa kwa silinda ile inaweza kuvimba au kuvujisha oili ya breki, na magari mengi ya miaka ile yana mfumo mmoja wa mabomba kwa magurudumu yote, kwamba ukivuja nyuma pedali inazama mpaka chini na mbele pia hakuna kitu. Mtu aliyejua pistoni zile zimewekwa kwa muda tu amefariki. Umebaki wewe.

Katika mengine yote nakuachia uamuzi, ila hili naomba lisisubiri. Udai au usidai, wakuite Baba Mdogo au fundi, habari ya breki iwafikie watoto na imfikie mnunuzi, kwa maandishi, kabla gari halijatoka getini. Na iende peke yake. Ukiichanganya na habari ya fedha itasikika kama tishio, na hapo wanaweza kuipuuza.

Kuna mtu mwingine ambaye hukumtaja kabisa. Mama mwenye nyumba, mjane wa Mwalimu. Nadhani hukumtaja kwa sababu alikuwa kwenye eda, na kwa adabu usingeweza kwenda kumzungumzisha mambo ya gari. Lakini eda ni miezi minne na siku kumi. Kwa hesabu yako imekwisha au imebakiza siku. Yeye ni mrithi kama watoto, ana thumuni yake. Na zile Jumamosi chai ilitoka jikoni kwa nani? Siku injini ilipowaka na Mwalimu akalia, nani mwingine alikuwa pale? Anaweza kuwa ndiye pekee aliye hai anayejua gari lile lilikuwa nini baina yenu. Ukienda na mke wako kumpa pole ya kumaliza eda, hakuna atakayeshangaa. Ukiwa pale unaweza kumuuliza jambo moja: Mwalimu aliwahi kusema gari liende wapi?

Jiandae kwa jibu lolote. Huenda alimwambia gari liwe lako. Huenda alimwambia liuzwe wajukuu wasomeshwe. Hilo la pili ukilisikia litakuuma, na pia linaweza kukupumzisha.

Zipo njia nyingine ambazo hukuziuliza. Unaweza kuwaomba watoto mauzo yasubiri mpaka silinda za breki zipatikane, gari liuzwe likiwa zima na kwa bei nzuri zaidi, na wewe uwe na fungu mlilokubaliana. Hasara yake ni kwamba wanaweza kudhani unachelewesha makusudi, hasa kama kuna mmoja mwenye shida ya fedha. Unaweza kuomba uwe wa kwanza kulinunua, lakini milioni 9 kwa mstaafu ni nyingi, na sitaki mke wako aje aniandikie barua mwezi ujao. Au unaweza kuzungumza na mnunuzi mwenyewe, kwa ruhusa yao. Nimekuwa nikijiuliza: vipimo vya vile vipuri vyote, umeviandika mahali? Au viko kichwani mwako tu? Siku shafti ya pampu ya maji itakapolika tena huko Dar es Salaam, fundi atakayeifungua atakuta kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha Peugeot. Ukichora kila kipande, ukaandika kipimo, chuma ulichotumia na jina lako, karatasi hizo zikaambatana na gari, hakuna atakayeweza kuliendesha gari lile bila kujua kwamba ulikuwepo. Hazitakupa shilingi. Sijui kama shilingi ndiyo unayoitaka.

Na kunyamaza? Kuna kunyamaza kwa mtu aliyetoa sadaka, na kuna kunyamaza kwa mtu aliyemeza mwiba. Jipime hivi: siku gari linapita barabara ya Ujiji, unausikia muungurumo wake, unaweza kusema alhamdulillahi, Mwalimu gari lako linatembea? Kama unaweza, nyamaza kwa amani, ukishasema habari ya breki. Kama huwezi, basi bado kuna neno unalodaiwa, na wa kukupa ni wale watoto. Ila itabidi wewe ndiye uanze kusema.

Usiende na hesabu mara ya kwanza, kama unaweza kujizuia. Nenda na kopo la oili na hendeli, ugonge geti mchana, useme baba yenu aliniachia kazi hii na kufuli imenizuia. Miezi mitatu ni mingi kwa silinda nne. Wewe uchomoe plagi na kutia oili, na yule mwenye ufunguo umwombe azungushe.